Binti akichafuliwa mtandaoni usiku, asubuhi aongee nani?

Mara nyingi huanza usiku wa wikiendi. Picha ya mchezaji akiwa na kigauni kifupi ufukweni Kigamboni, kipande cha video akicheza muziki kwenye sherehe, au sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana anayedai kwamba fulani ni "jike dume". Kufika saa tatu asubuhi kurasa za udaku zimeshaiweka, na vijiwe vya Kariakoo vinajadili kama binti huyo anafaa kuvaa jezi ya taifa. Mchezaji wa kiume akipigwa picha ileile, maneno huisha jioni. Kwa mwanamke huulizwa kalelewa na nani, ataolewa lini, na mwili wake ukoje. Agosti 2021 kauli moja iliyotoka Ikulu ilitosha kufanya vifua vya wachezaji wetu wa kike kuwa mjadala wa nchi nzima.

Ushauri huu ni kwa walio karibu naye: mama, dada, meneja, nahodha, ofisa habari wa klabu. Mtu wa komenti anaumiza, lakini jeraha linalokaa muda mrefu mara nyingi hutoka kwa mtu wa upande wake mwenyewe aliyekimbilia kujibu.

Tazama yaliyomkuta Jenni Hermoso, mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Hispania. Baada ya fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney, tarehe 20 Agosti 2023, alibusiwa mdomoni na Luis Rubiales, rais wa shirikisho la soka la Hispania. Shirikisho likatoa taarifa yenye maneno yaliyodaiwa kuwa ya Hermoso, yakilifanya jambo kuwa dogo. Siku chache baadaye ikabidi aanze kwa kueleza kwamba hakuridhia busu lile na kwamba alikuwa amebanwa atoe kauli ya kumlinda bosi. Februari 2025 mahakama ilimtia Rubiales hatiani na kumtoza faini ya euro 10,800. Au Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini, kwenye mashindano ya dunia ya Berlin 2009, akiwa na miaka 18. Habari za kupimwa jinsia yake zilivuja kabla hajakimbia fainali ya mita 800, fainali aliyoishinda kwa 1:55.45. Kiongozi wa riadha wa nchi yake alikana kwamba kuna vipimo vilivyofanyika nyumbani, kisha mwezi uliofuata akakiri kuwa alidanganya. Uongo ule haukumsaidia binti hata kidogo. Ulimwongezea wiki za kutajwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza usiku huo ni kukubaliana mdomo mmoja. Mtu mmoja ndiye atakayeongea na waandishi, na hakuna neno litakalotoka kwa jina la mchezaji kabla yeye mwenyewe hajalisoma lote na kusema ndiyo. Hata klabu ikiwa na haraka. Hata kama meneja anaandika vizuri kuliko yeye.

Kabla ya waandishi, mpigieni mama. Watangazaji wa vipindi vya asubuhi wanajua kwamba mama mwenye genge Mbagala au meza ya samaki Feri hupokea kila namba, na akiulizwa kwa upole ataeleza mambo ya nyumbani bila kujua kwamba anarekodiwa. Mchezaji ampigie mwenyewe, kwa maneno machache: "Shikamoo mama. Kuna maneno yanazunguka kuhusu mimi, nipo salama. Namba usiyoijua usipokee leo. Mtu akija na kamera mwambie aongee na dada." Mama aliyesikia kwa mwanawe hatetereki jirani akimletea simu dirishani.

Halafu ushahidi, na hapa ndipo wengi huharibu. Skrinishoti ya maneno peke yake haitoshi, kwa sababu mwenye akaunti hubadilisha jina kesho yake. Rekodi video ya skrini: anza kwenye ukurasa wa mhusika, fungua posti, teremka kwenye komenti, ili ionekane kitu kimetoka wapi. Nakili kiungo cha posti na kiungo cha ukurasa. Kwa WhatsApp, fungua taarifa za mtumaji mpaka namba ionekane. Jina ulilomhifadhi kwenye simu yako, "Baba Juma" au "Jirani", halimtambulishi mtu kituoni. Usizungushie duara jekundu kwenye nakala ya asili. Tengeneza nyingine ya kuchorea. Andika kwenye daftari tarehe, saa na nani aliyeona kwanza, na simu iliyopokea ujumbe isiuzwe wala kufutwa kila kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, ila uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotunzwa.

Posti ya mchezaji mwenyewe iliyozua maneno isifutwe kwa pupa. Iondoe mbele za watu kwa kuihifadhi ndani ya akaunti, maana ukiifuta umepoteza asili, na wenye nakala zilizokatwa ndio watakaobaki na ushahidi. Asiende laivu. Badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, na akaunti ikae kwa mtu mmoja mnayemwamini. Kisha ingia kwenye mipangilio ya komenti uandike maneno ya kuchuja wewe mwenyewe, kwa sababu vichujio vya kawaida havijui matusi ya Kiswahili. Andika tusi kama lilivyo, kisha lile lililofichwa kwa alama au namba, pamoja na umoja na wingi wake.

Ikiwa ni picha au video ya faragha, ile inayoitwa "koneksheni" mjini, kuna onyo zito: usiitume kwa yeyote, hata kwa wakili au kiongozi wa klabu "aone tu". Kuisambaza ndilo kosa lenyewe. Peleka viungo na maelezo, basi. Mwenye miaka 18 na zaidi atumie StopNCII, ambayo hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yake bila picha yenyewe kupakiwa popote, na majukwaa yanayoshirikiana nayo, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuzuia nakala. Aliye chini ya miaka 18 ana huduma yake, Take It Down. Kwenye soka letu la wanawake wapo mabinti wa umri huo, na kwao jambo hili ni la polisi siku hiyohiyo, na mzazi awepo.

Kituoni, ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. RB, yaani namba ya taarifa mnayopewa kituoni, ni bure. Nendeni na nakala zilizochapishwa pamoja na simu yenyewe, na msiondoke bila jina na namba ya mpelelezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni na pia usambazaji wa taarifa za uongo, kila moja kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Habari ikiwa imetoka kwenye televisheni ya mtandaoni yenye leseni, andikeni barua kwa chombo chenyewe kwanza, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kushitaki si utoto. Imane Khelif, bondia wa Algeria aliyeandamwa mtandaoni kuhusu jinsia yake, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya uzito wa kilo 66 mjini Paris tarehe 9 Agosti 2024, na wakili wake akapeleka malalamiko ya unyanyasaji wa mtandaoni kwa waendesha mashtaka wa mji huohuo, nao wakafungua uchunguzi.

Sasa taarifa. Sentensi nne au tano zinatosha, kwa mfano hivi:

"Mimi ni mchezaji wa klabu hii. Tangu jana usiku kuna picha ya maisha yangu binafsi inasambazwa bila ridhaa yangu. Nimeripoti polisi na nina namba ya taarifa. Sitazungumzia mwili wangu wala familia yangu. Nipo mazoezini, Jumamosi tuna mechi Chamazi."

Angalia kisichokuwamo. Hakuna "mimi ni binti wa dini". Hakuna kiapo, hakuna cheti cha daktari, hakuna jina la mpenzi wa zamani. Ukishaanza kuthibitisha usafi wa mtu umekubali kwamba watu wana haki ya kuukagua, na kesho wataomba uthibitisho mwingine. Wala hakuna "imetengenezwa na kompyuta" kama picha ni ya kweli. Ikiwa ni ya kweli, tatizo ni kusambazwa bila ridhaa, na sentensi hiyo inasimama bila uongo wowote.

Lakini si kila lawama ni uonevu. Ikiwa kweli alimtukana mwamuzi au alitoroka kambini, aombe radhi kwa kosa hilo, kwa jina lake, mara moja, bila "kama kuna niliyemkwaza". Asichanganye radhi ya utovu wa nidhamu na radhi ya mavazi.

Mavazi yenyewe yasiwapotezee muda. Mwaka 2005 Sania Mirza wa India alilaumiwa na baadhi ya viongozi wa dini kwa sketi fupi ya tenisi. Mwaka 2021 timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptula badala ya bikini. Jibu ni kanuni ya mashindano inasemaje, basi.

Kuhusu vipimo vya jinsia niseme kwa uzito wote. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 shirikisho la riadha duniani linataka wanawake wanaoshiriki mashindano yake ya viwango vya dunia wapimwe jeni ya SRY, ile ambayo kwa kawaida hupatikana kwa wanaume, mara moja katika maisha. Hicho ni kipimo cha kitabibu na majibu yake ni siri. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hakuna kocha, mwenzake wa chumbani wala kiongozi wa klabu mwenye haki ya kumwambia binti avue "tuhakikishe". Akiambiwa hivyo atoke nje, apige simu nyumbani, na jambo liandikwe kwenye daftari lilelile.

Mdhamini apigiwe siku ya kwanza, kabla hajawapigia ninyi. Dawa yake hasa ni ya mapema, kwenye mkataba. Mikataba mingi ya udhamini ina kipengele cha maadili kinachosema tu "kushusha hadhi ya kampuni", na kwa maneno hayo uvumi wowote unatosha kumvunjia mkataba. Ombeni kiandikwe kwamba kitatumika baada ya hatia ya mahakama au kamati ya nidhamu, kwamba atapewa siku 14 za kujieleza kwa maandishi, kwamba kazi iliyokwishafanyika italipwa, na kwamba kuvujishwa picha zake bila ridhaa si kuvunja mkataba. Na mimba si utovu wa maadili. Kanuni za FIFA tangu Januari 2021 zinampa mchezaji likizo ya wiki zisizopungua 14, angalau 8 kati ya hizo baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara, na klabu inayomfukuza kwa ujauzito inawajibika kulipa fidia.

Siku ya kurudi mazoezini, nahodha akae naye kwenye basi na asimwulize kitu. Kocha awaambie wachezaji kabla hajafika kwamba mada imefungwa na simu zibaki kwenye mabegi. Baada ya mechi mwandishi atauliza tena. Jibu ni "Kaka, taarifa yangu ilishatoka, niulize kuhusu mechi", na kama swali ni lilelile aondoke pale. Yule anayemsomea komenti na kukusanya viungo naye abadilishwe baada ya siku tatu. Matusi ya mchana kutwa humwingia hata asiyetukanwa, na dada mtu aliyekosa usingizi ndiye atakayemjibu mtu saa nane usiku.