Figo Inapimwa Kila Mara. Shingo ya Kizazi Je?

Kwa miaka sita baada ya kupandikizwa figo sikukosa kliniki hata siku moja. Kreatinini yangu, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, niliijua kama ninavyoujua umri wangu, na saa ya dawa ikipita kwa dakika kumi nilijiona nimetenda kosa. Kumbe shingo ya kizazi haikuwa imeangaliwa na mtu muda wote huo. Daktari wa figo alidhani ninaye daktari wa wanawake. Daktari wa wanawake mara ya mwisho alinitia machoni kabla sijaanza kusafishwa damu. Nami nilidhani damu yote ile wanayonitoa inapima kila kitu.

Haipimi. Nilipofanyiwa kipimo hatimaye, jibu lilisema seli zimebadilika. Haikuwa saratani, ila ilikuwa njiani kuelekea huko. Sehemu ile iliondolewa kwa waya wenye umeme, jioni nikawa nyumbani.

Chanzo chake si fumbo. Dawa zinazoituliza kinga isiishambulie figo ya mwenzio ndizo hizo hizo zinazoipunguzia makali mbele ya virusi. Watu wengi walioanza kujamiiana huambukizwa HPV, kirusi kinachoenezwa kwa kujamiiana, wakati fulani, na mara nyingi mwili hukiondoa kirusi hicho wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwetu sisi ni rahisi zaidi kikae, na kikikaa sana seli huanza kuharibika. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi. Wala hakiishii hapo: hushambulia pia uke, mashavu ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mwasho usiokwisha, kidonda au baka jeupe huko chini usilifanyie subira kwa aibu. Mimi nilimaliza mirija miwili ya dawa ya fangasi bila kumwambia mtu, na sikuwa na fangasi.

Ratiba ya wanawake wengine isikutoshe. Marekani, kwa mfano, waliopandikizwa viungo hufuata utaratibu wa wanawake wanaoishi na VVU: kipimo cha Pap, yaani kuchukua seli za shingo ya kizazi na kuzichunguza, kila mwaka, na yakija majibu matatu mfululizo yaliyo safi, ndipo unasogezwa hadi kila miaka mitatu. Na upimaji haukomi kwa sababu umefikisha umri fulani. Chanjo ya HPV nayo haina kirusi hai, hivyo huweza kutolewa hata kwa aliyekwisha kupandikizwa, kwa dozi tatu. Lakini kama bado unasubiri figo au ini, iulizie sasa, maana kinga ikiwa na nguvu chanjo hushika vizuri zaidi.

Matiti ndiyo yaliyokuwa yakininyima usingizi, na hapo niliogopa bure. Hatari ya saratani ya matiti baada ya upandikizaji inakaribiana na ya wanawake wengine, basi mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, naifanya kwa ratiba ya kila mtu. Kilichostahili hofu yangu ni ngozi, ambayo sikuwahi kuifikiria. Saratani za ngozi ndizo zinazowapata zaidi waliopandikizwa, hasa wenye ngozi nyeupe, na azathioprini, mojawapo ya dawa za kutuliza kinga, huiongezea ngozi wepesi wa kudhuriwa na jua. Sisi wenye ngozi nyeusi tuangalie pia pasipopigwa na jua: nyayo, kucha, sehemu za siri.

Mwenzangu mmoja wa kliniki aliposikia haya aliamua kupunguza vidonge kimyakimya ili kinga irudi. Dada yangu, usithubutu. Kinga ikirudi, cha kwanza kukishambulia ni figo yenyewe. Daktari anaweza kubadilisha dawa au kushusha dozi kukiwa na sababu. Hiyo ni kazi yake akiwa na majibu ya damu mkononi.

Jambo la mwisho ni dogo, ila lilinigharimu. Siku ya kipimo, mwambie anayekupima kwamba umepandikizwa, umtajie dawa zako, kabla hujapanda kitandani. Mimi fomu haikuuliza nikanyamaza, nikaandikiwa nirudi baada ya miaka mitano. Ilibidi nimfuate muuguzi mlangoni, viatu mkononi, tukaifuta ile tano pamoja.