Kupima msukumo wa boti ya feni

Ndugu wa Dunga, Kisumu, unauliza utajuaje kama propela mpya ya boti ya feni, ile inayosukumwa na propela ya hewani, inashinda ile ya zamani. Usiamini sikio, kelele si nguvu. Boti ikielea, ifunge kwa nyuma kwenye mti imara, kamba ilale chini ya propela, katikati mizani ya kuning'iniza. Mizani ikiishia kilo 100, pitisha kamba kwenye kapi iliyofungwa botini: ncha moja mtini, nyingine kwenye mizani iliyofungwa mtini pia, kisha zidisha kwa 2. Andika na mizunguko ya injini kwa dakika. Pima asubuhi, upepo wa ziwa haujaamka. Ukipata pungufu ya alivyoahidi muuzaji, usigombane naye kwanza: Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni hafifu kwa takriban asilimia 10 kuliko usawa wa bahari, nayo hupunguza msukumo. Na mtu asisimame ubavuni mwa propela, wala karibu na kamba!