Kuunganisha dibaga kwenye bodi: anza na graundi, si na data

Bodi ya kwanza iliyokataa kuwasiliana na dibaga yangu (kifaa cha kupakia na kuchunguza programu ndani ya chipu) ilinipotezea siku mbili, nami katika siku hizo nilibadilisha kebo ya USB, programu ya kompyuta na hatimaye mikrokontrola yenyewe, yaani chipu inayoendesha bodi, ilhali kosa lilikuwa kwenye waya ambao sikuufikiria kwa sababu haupitishi data. Ilikuwa bodi ndogo ya STM32F103, ile ya bluu ambayo wengi huiita Blue Pill. Nilikuwa nimeiunganisha na ST-LINK, ndiyo dibaga yenyewe, kwa nyaya mbili tu za SWD (njia ya mawasiliano kati ya dibaga na chipu), yaani SWDIO inayopitisha data kwenda na kurudi, na SWCLK inayopeleka mapigo ya saa. Umeme wa bodi ulitoka kwenye chaja ya simu, hivyo bodi na dibaga havikuwa na graundi ya pamoja, yaani waya wa volti sifuri. Tangu siku ile huunganisha graundi kabla ya waya mwingine wowote, kwa kuwa volti ya SWDIO haiwezi kusomeka sawasawa iwapo pande mbili hazijakubaliana sifuri iko wapi.

Waya unaofuata ni wa volti ya rejea, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa zaidi. Kwenye soketi ya pini 20 ya ST-LINK/V2 halisi, pini ya 1 haitoi umeme. Inapima volti ya bodi ili dibaga ijue kiwango cha ishara kinachofaa. Kwenye zile nakala za bei nafuu zenye umbo la fleshi, pini iliyoandikwa 3.3V hutoa umeme. Pini mbili zinazoonekana kuwa na kazi moja kumbe zinafanya kazi zinazopingana, na anayeilisha bodi kutoka kwenye nakala hiyo huku pia ameichomeka kwenye chaja anazigombanisha njia mbili za umeme. Chagua moja. Aidha, usiamini maandishi ya kwenye ganda la nakala hizo, kwani mpangilio wa pini hutofautiana kati ya toleo na toleo. Mimi hulivua ganda na kusoma maandishi ya kwenye saketi, kisha huthibitisha kwa multimita.

Urefu wa nyaya nao una neno lake. Nyaya za jampa za sentimita 10 hazijanisumbua, lakini nilipotumia za sentimita 30 mawasiliano yalikuwa yakikatika katikati ya kuandika kumbukumbu, hadi nilipoishusha kasi katika OpenOCD (programu ya kompyuta inayoendesha dibaga) kutoka kilohezi 1000 hadi 100. Ninashauri uanze na kasi ndogo, uone kwanza namba ya utambulisho ya chipu (kwa STM32F103 halisi ni 0x1ba01477), ndipo uiongeze. Ukiona 0x2ba01477, huenda chipu uliyouziwa ni nakala, na nyaya zako hazina kosa lolote.

Kuhusu JTAG, njia nyingine ya kuunganisha dibaga na chipu, sina mengi: inahitaji angalau nyaya nne za ishara badala ya mbili, na kwa bodi ya chipu moja sioni sababu ya kujitaabisha nayo.

Waya ambao wengi huuacha ni wa kuanzisha upya, NRST, pengine kwa kuwa haumo katika safu ya pini nne za SWD za Blue Pill; uko pembeni, umeandikwa R. Utauhitaji siku programu yako itakapozigeuza PA13 na PA14, ambazo ndizo SWDIO na SWCLK, kuwa pini za kawaida, kwani hapo dibaga hupoteza chipu mara tu programu inapoanza. NRST ikiwa imeunganishwa, dibaga huishikilia chipu kabla programu haijaanza, ukapata nafasi ya kuifuta. Bila waya huo, hamisha jampa ya BOOT0 (kiunganishi kidogo kinachochagua chipu ianzie wapi) kwenye 1, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya, na chipu itaamka bila kuigusa programu yako.