Alianguka baada ya kupulizia nyanya. Je, ni kifafa?

SWALI: Shikamoo daktari. Kijana wangu wa miaka 13 alimsaidia baba yake kupulizia nyanya. Bomba lilikuwa linavuja, shati likalowa mgongoni, akashinda nalo. Jioni akatokwa jasho na mate mengi, akaharisha, kisha akaanguka na kukakamaa. Hospitali walimchoma sindano, akapona. Sasa majirani wanasema ni kifafa, wanawakataza watoto wao kula naye.
Mama, Ilula, Iringa

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Mwache ale na wenzake. Hata kifafa chenyewe hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu.

Kwa dalili ulizoandika, naona sumu ya dawa ya shambani. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati hupenya ngozi, na shati bichi mgongoni huzipa muda wa kutosha. Ndani ya mwili huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, kwa hiyo kila kitu kinabaki kimewashwa: mate, machozi, jasho, tumbo, misuli kuchezacheza. Mboni za macho husinyaa zikawa kama tundu la sindano. Ubongo ukizidiwa, mtu anaanguka. Kinachoua zaidi ni mapafu kujaa majimaji. Ndiyo maana hospitali tunawahi kuchoma atropini, dawa inayokausha mate na majimaji hayo, na diazepamu ya kutuliza degedege.

Kifafa ni kuanguka tena na tena pasipo sababu ya papo hapo kama hii. Akianguka siku ambayo hajagusa dawa, mrudishe hospitali apimwe.

Ikitokea tena kwa yeyote, vueni nguo zote, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mlazeni ubavu. Msimtie kijiko mdomoni. Maziwa hayaondoi sumu, yanaweza kumpalia.

Na chupa ya dawa ije na mgonjwa. Hapa naumia sana, kwa sababu wengi hununua dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, nasi tunabaki kubahatisha. Sumu hazifanani. Endosulfani, iliyouzwa kwa jina la Thiodan, iliweza kumwangusha mtu bila mate wala jasho jingi, na atropini si dawa yake. Iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu, mwaka 2011 ili iondolewe duniani.

Mwambie baba yake bomba lile litengenezwe kabla halijarudi shambani. Na hata likitengenezwa, kijana asilibebe.