Maswali ya Wasomaji: Vijiti vya Gofu

Ndugu Mshauri, nilijifunza gofu nilipokuwa nikifanya kazi Dar es Salaam. Tangu nihamie Mtwara ninafanya mazoezi kwenye uwanja wa wazi, na mashimo yote 18 nayacheza ninaposafiri tu. Vijiti vya tii, vile vinavyochomekwa ardhini ili kuwekea mpira wa pigo la kwanza, ni vya namna nyingi mno, na kila mchezaji ana vyake anavyovisifu. Ninunue vipi?
Msomaji, Shangani, Mtwara

Ndugu msomaji, fimbo ndiyo inayoamua. Ukitumia dreva, yaani fimbo ya kupigia mbali, ambayo kichwa chake siku hizi kinaruhusiwa kufikia sentimita za ujazo 460, inua mpira hadi nusu yake ionekane juu ya kichwa hicho kikiwa kimetulia ardhini; kijiti cha milimita 70 au 83 kinatosha kabisa. Kwa fimbo ya chuma kwenye shimo la umbali mfupi, mpira uinuke kidogo tu kutoka kwenye nyasi, kwa hiyo hata kipande kilichovunjika kina kazi yake na hakistahili kutupwa. Sheria hairuhusu kijiti kinachozidi milimita 101.6. Ukishapata kimo kinachokufaa, usikibadilishe kila wiki kwa sababu tu mwenzako amepiga mbali kwa kijiti kirefu kuliko chako.

Mimi napendelea vya mianzi, na baada yake vya mbao. Vya plastiki hudumu, nakubali, lakini kilichosahaulika uwanjani hakiozi, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili zikishuka kwa nguvu hukisomba hadi baharini.

Shida yenu ya kiangazi naijua: ardhi inakuwa ngumu na kijiti kinakatika kabla hakijaingia. Toboa kwanza kwa msumari, kwani sheria inaruhusu kurekebisha ardhi ndani ya eneo la kuanzia. Ama rudi kwenye desturi ya zamani. Kabla vijiti havijaenea, wachezaji walifinyanga mchanga mbichi ukawa kichuguu kidogo, wakaweka mpira juu yake, na sheria inaliruhusu jambo hilo hadi leo. Mchanga Mtwara haununuliwi, nami ningependa sana kuwaona vijana wakijaribu.

Shikamoo mzee. Mimi ni mchongaji, na mjomba wangu anacheza gofu. Nina vipande vya mpingo vinavyobaki kazini. Je, naweza kumchongea vijiti?
Msomaji, Lindi

Marahaba, mwanangu. Sheria haichagui mti. Inataka kijiti kisizidi urefu niliokwisha kuutaja, kisiwe na umbo la kuonyesha mwelekeo wa kulenga, wala kisiathiri mwendo wa mpira isivyostahili. Aliyepata hataza ya kijiti cha mbao huko Marekani tarehe 12 Desemba 1899, George Franklin Grant, alikuwa daktari wa meno wa Boston, Mmarekani Mweusi, ambaye vijiti vyake aliwagawia marafiki badala ya kuviuza. Zawadi yako kwa mjomba inafuata njia njema.

Hata hivyo, mpingo nakushauri uuache. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na ugumu wake wewe unaufahamu kuliko mimi, maana patasi yako ndiyo inayoumia. Kijiti kizuri hukubali kuvunjika. Kigumu kupita kiasi kinaweza kuukwaruza uso wa dreva, na kikibaki nyasini kitakutana na visu vya mashine ya kukatia majani. Isitoshe, weusi wake utapotelea kwenye udongo. Vijiti mchongee kwa mwanzi, na ule mpingo utengeneze kisahani bapa, kipana kama sarafu, cha kuwekea alama mahali mpira ulipo kwenye griini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo. Kisahani hicho atakitunza maisha yake yote.

Ndugu Mshauri, mwenzangu huweka kijiti nyuma ya sikio, mimi mfukoni, na sote tunavipoteza. Tufanyeje? Na mpira ukianguka wenyewe kutoka kwenye kijiti, ni pigo?
Msomaji, Masasi

Sikio halifai, kwa kuwa ukiinama kuokota mpira kijiti nacho kinakwenda. Tengeni mfuko mmoja wa suruali uwe wa vijiti peke yake, bila funguo wala sarafu, na vijiti viwe vyekundu au vya rangi ya chungwa. William Lowell, daktari mwingine wa meno, aliyevitia vijiti sokoni Marekani miaka ya 1920, alivipaka rangi nyekundu, na sioni sababu ya kumpinga. Kisha gawaneni kazi: anayepiga aufuate mpira kwa macho, mwenzake aangalie kijiti kimerukia wapi. Vipande vilivyovunjika navyo viokoteni, maana anayekuja nyuma yenu ana haki ya kukuta pahala pasafi. Mkikuta kijiti kizima ambacho mwenyewe amekwisha kuondoka, ni chenu.

Mpira ukianguka kabla hujaupiga, uweke tena bila adhabu, hata kama umeuangusha kwa kuugusa na fimbo wakati wa kujiandaa. Lakini ukizungusha fimbo kwa nia ya kuupiga ukaukosa, hilo linahesabiwa pigo moja, na mpira ukiwa bado ndani ya eneo la kuanzia unaruhusiwa kuupandisha tena juu ya kijiti.