Kutoka Project Server 2013 hadi toleo la sasa: njia yenyewe, na kazi ya kufanya kabla ya kugusa seva

Wakuu, habari za kazi. Mwenzetu wa Moshi ameuliza hivi: ofisi yao ya ushauri wa ujenzi inatumia Project Server 2013, mfumo wa Microsoft wa kusimamia miradi, miradi hai ni kama hamsini, seva imechoka, na mkurugenzi anataka wawe kwenye toleo jipya kabla ya Julai. Anauliza kama wikiendi moja inatosha kuweka toleo jipya juu ya lile la zamani. Mimi niko Arusha, nimesimamia uhamaji wa namna hii kwenye ofisi inayoendesha miradi ya maji, na kazi hii naipenda. Naomba nijibu kwa urefu.

Mkuu, wikiendi haitoshi, na juu ya lile la zamani haiwezekani. Kuanzia toleo la 2013 Microsoft waliondoa utaratibu wa kupandisha toleo kwenye seva ile ile. Unajenga seva mpya pembeni, unachukua nakala ya kanzidata, unaiambatisha kwenye seva mpya na kuipandishia huko. La zamani linabaki linafanya kazi mpaka siku ya kuhama. Hilo ni jambo jema kwako, maana ukikwama una mahali pa kurudi.

Jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalisemi mapema ni kwamba huwezi kuruka. Kutoka 2013 lazima upite 2016 kwanza. Ukishafika 2016 ndipo unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye Subscription Edition, toleo lililotoka mwishoni mwa 2021, bila kupita 2019. Na usishawishike kuishia 2019 eti kwa sababu leseni yake mtu anayo kabatini. Huduma ya Microsoft kwa 2013 ilikoma tarehe 11 Aprili 2023, na kwa 2016 na 2019 zote mbili mwisho ni tarehe 14 Julai 2026. Project Online nayo, huduma ya mtandaoni ya Microsoft ambayo wengi walikuwa wanaikimbilia ili waepuke kununua seva, Microsoft wametangaza kuifunga tarehe 30 Septemba 2026. Kwa ofisi inayotaka kubaki na mfumo huu huu na data zake, mlango uliobaki ni Subscription Edition.

Kwa nini hatua ya 2016 ndiyo ngumu? Toleo la 2010 lilikuwa na kanzidata nne kwa kila Project Web App, yaani tovuti ya Project Server ambayo watumiaji huingia: ya rasimu, ya miradi iliyochapishwa, ya kumbukumbu na ya ripoti. 2013 wakaziunganisha zikawa moja. 2016 wakaiondoa hata hiyo moja, na data zote za miradi zikaingizwa ndani ya kanzidata ya maudhui ya SharePoint, jukwaa la tovuti na nyaraka ambalo Project Server hukaa juu yake. Kwa hiyo unapopita 2016 unahamisha vitu viwili: unaambatisha kanzidata ya maudhui, kisha unaimimina ya miradi ndani yake kwa amri ya Migrate-SPProjectDatabase. Kama mlikuwa mnatumia mipango ya rasilimali, ina amri yake ya peke yake, Migrate-SPProjectResourcePlans, kwa sababu 2016 ilibadilisha namna ya kuomba watu kwa ajili ya mradi. Ukishavuka hapo, kutoka 2016 kwenda Subscription Edition ni kuambatisha kanzidata ya maudhui, na data za miradi zinasafiri zikiwa ndani yake.

Seva ya 2016 kwako ni kituo tu. Hakuna mtumiaji atakayeingia humo. Hauhitaji kuinunulia mashine, iendeshe kama seva ya muda ndani ya kompyuta moja yenye kumbukumbu kubwa, ikishamaliza kazi uifute. Ila ukumbuke kuwa inataka Windows Server na SQL Server za rika lake, wakati Subscription Edition inataka angalau Windows Server 2019 na angalau SQL Server 2019. Suala la leseni ya hicho kituo mwulize muuzaji wako kwa maandishi, akujibu kwa maandishi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulichukue hata ukiacha mengine yote. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye seva. Uko kwenye kujua mlicho nacho na kukisafisha kabla hakijahama. Mfumo uliotumika miaka kumi una miradi iliyokwisha kitambo lakini haijafungwa, una mtu mmoja aliyeandikishwa kwa majina mawili na kila jina lina saa zake, una sehemu za taarifa ambazo aliyeziunda alishahama kazi na hakuna anayejua zinahesabu nini. Ukivihamisha hivyo vilivyo, vinakuwa matatizo ya seva mpya, na watu watasema mfumo mpya ni mbovu.

Kaa na wasimamizi wa miradi, mmoja mmoja, kila mmoja na orodha ya miradi yake. Waulize maswali mawili tu: huu ni hai? Na kama si hai, kuna mtu atakayeuomba tena? Mradi uliokufa usiuhamishe. Uhifadhi kama faili la .mpp (faili la Microsoft Project) pamoja na taimshiti zake, rekodi za saa za kazi, kwenye Excel, uweke mahali panapojulikana, basi. Miradi iliyoshikiliwa, ambayo mtu aliifungua akaondoka bila kuirudisha, irudishwe yote. Taimshiti zinazosubiri idhini ziidhinishwe au zikataliwe, zisibaki katikati. Kazi hii haina ufundi wowote na ndiyo itakayokula muda wako mwingi, kwa hiyo mwambie mkurugenzi mapema, asije akadhani hujaanza.

Kwenye usafi huo huo utagundua kama unahitaji kupanda hizo ngazi, 2013 hadi 2016 hadi Subscription Edition, au la. Kwa ofisi ya miradi hamsini lipo chaguo la pili: kusimika Subscription Edition tupu na kuingiza miradi hai tu, mmoja mmoja, kutoka kwenye .mpp. Unaruka 2016 kabisa. Unachopoteza ni historia: taimshiti za nyuma, kumbukumbu za idhini, na tovuti za miradi pamoja na nyaraka, hatari na masuala yaliyoandikwa humo, ambazo itabidi uzihamishe kwa mkono. Mimi kipimo changu ni pesa. Kama taimshiti ndizo mnazotumia kumdai mteja, au mfadhili huja kukagua saa za watu, panda ngazi zote, hiyo historia ni ushahidi wenu. Kama mfumo mnautumia kupanga ratiba tu, anzeni upya na mtashukuru. Sikubaliani na wanaosema kuanza upya ni uvivu.

Mkianza upya, kitu cha kwanza kuundwa ni kalenda, kabla mradi wowote haujaingia. Nasisitiza hili kwa sababu ya mazingira yetu. Kalenda inayokuja na programu haijui Karume Day tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26, Sabasaba wala Nanenane, na Iddi inategemea mwezi kuandama. Haijui pia kwamba saiti zenu hufanya kazi Jumamosi nusu siku. Ukiingiza mradi kwenye kalenda isiyo yake, tarehe za mwisho zinasogea bila kelele yoyote na hakuna atakayejua mpaka mkandarasi alalamike.

Ripoti nazo. Hapa ndipo nimeona ofisi zikiumia kweli. Mkurugenzi haingii kwenye Project Web App, anasoma ripoti ya Jumatatu. Ile ripoti mara nyingi ni faili la Excel lililounganishwa moja kwa moja na kanzidata ya 2013, likiwa na jina la seva, jina la kanzidata na skima (kundi la majedwali) ya dbo ndani ya swali lake. Kuanzia 2016 data za ripoti ziko kwenye skima inayoitwa pjrep, ndani ya kanzidata tofauti, kwenye seva tofauti. Kila ripoti ya namna hiyo itavunjika, hata kama uhamaji umekwenda vizuri kupita kiasi. Tafuteni ripoti zote, zikiwemo zile zilizo kwenye kompyuta ya mhasibu ambazo idara ya TEHAMA haizijui, ziandikeni upya wakati wa mazoezi. Ripoti ya Jumatatu ikifunguka Jumatatu ya kwanza ikiwa na takwimu sahihi, kwa mkurugenzi uhamaji umefaulu.

Upande wa ruhusa, kuna mtego mmoja. Project Server ina namna mbili za kugawa ruhusa: ya SharePoint, yenye vikundi vichache vilivyopangwa tayari, na ya Project Server yenyewe, yenye vikundi na kategoria zenu. Tovuti mpya huanza na ile ya SharePoint, na kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine kunafuta mipangilio yote ya ruhusa iliyokuwepo. Amua mwanzoni. Na kabla hujaanza, chora kwenye karatasi nani yuko kikundi gani.

Anwani ya tovuti ibaki ile ile ya zamani kama inawezekana. Linki za nyaraka, barua pepe za zamani, alama ambazo watu wamehifadhi kwenye kompyuta zao, vyote vinategemea anwani hiyo. Kompyuta za wasimamizi wa miradi nazo ziangaliwe zina Project Professional, programu ya mezani ya kupangia miradi, ya mwaka gani, ya zamani mno haitaunganika na seva mpya.

Mazoezi yafanywe kwenye nakala, mwanzo hadi mwisho, kwa saa mkononi. Andika kila amri uliyopiga na muda iliochukua. Kabla ya kuambatisha, piga Test-SPContentDatabase ikuonyeshe kasoro, mara nyingi ni viongezo vya zamani ambavyo havipo kwenye seva mpya. Kisha rudia zoezi tangu mwanzo ukifuata karatasi yako, bila kubuni kitu. Zoezi la pili likienda bila kushtukizwa, muda wake ndio makadirio yako ya siku ya kuhama.

Na usipime mafanikio kwa kuona kwamba ukurasa umefunguka. Kwa kila mradi hai chukua tarehe ya kumaliza, jumla ya saa za kazi, jumla ya gharama, na hizo hizo tatu kwenye besilaini, yaani mpango wa awali uliohifadhiwa. Ziweke kwenye jedwali kabla, na tena baada. Zikitofautiana hata kwa saa moja, simama utafute sababu. Jedwali hilo lisainiwe na msimamizi wa mradi, siyo na wewe, yeye ndiye anayejua mradi wake.

Kama seva mpya itakaa Arusha na ya zamani iko Moshi, usihangaike kupakia kanzidata nzima kwa intaneti. Ni kama kilometa themanini za lami. Weka bakapu kwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, mtu unayemwamini apande nayo gari, na nenosiri lisafiri kwa njia nyingine. Na kabla ya wikiendi ya kuhama jaribu jenereta ikiwa imebeba mzigo wa seva, maana umeme ukikatika katikati ya kupandisha kanzidata unarudi kwenye bakapu na kuanza tena.

Kuhusu wakati: Juni msiguse. Wateja wa serikali wanafunga mwaka wa fedha tarehe 30, hati za malipo zinakimbizana, hakuna msimamizi atakayekupa saa moja ya kukagua jedwali. Desemba inavutia kwa sababu ofisi ni tupu, lakini ni tupu kweli: watu wako Rombo, Marangu na Machame kwa Krismasi, na wewe unawahitaji wakague. Kwa ofisi ya ujenzi ningechagua katikati ya masika, Aprili au mwanzoni mwa Mei, saiti zikiwa zimepungua kasi na mafundi wanasubiri mvua iishe. Kama Aprili hii mmeshachelewa, mwambie mkurugenzi ni Agosti, wala usimkubalie kabla ya Julai kwa kumfurahisha.

Wikiendi yenyewe: Ijumaa saa kumi na moja jioni mfumo wa zamani unafungwa usiandikike, bakapu ya mwisho inachukuliwa, mnafuata karatasi. Kubalianeni mapema saa ya kuamua, mimi huweka Jumapili saa sita mchana. Kama saa hiyo jedwali halijalingana, mnafungua wa zamani na Jumatatu watu wanafanya kazi kama kawaida. Aliyepewa mamlaka ya kusema turudi awe mtu mmoja, na awepo hapo ofisini. Mfumo wa zamani baadaye uacheni ukisomeka tu, msiuzime mpaka ripoti za mwezi mzima zitoke kwenye mpya.

Jingine ambalo mwuliza swali hakuligusa: humo kwenye hazina ya rasilimali kuna majina ya wafanyakazi, barua pepe, na viwango vya malipo yao kwa saa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu. Ukimpa mshauri wa nje nakala ya kanzidata afanyie mazoezi kwake, hasa kama yuko nje ya nchi, mwone mwanasheria wa ofisi kwanza. Mimi ningependelea mshauri aje afanyie kazi kwenu, kwenye mashine yenu, na nakala za mazoezi zifutwe mbele ya macho yenu.

Mkuu, anza na orodha ya miradi na orodha ya ripoti wiki hii. Ukizipata, sema hapa ripoti ni ngapi na kama taimshiti mnazitumia kudai malipo, nitakwambia kwa hali yenu ningepanda ngazi au ningeanza upya.