Yoga kwa Mjamzito: Pumzi Kwanza, Kunyumbuka Baadaye

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaoanza, kwa wanaokaribia kujifungua, na kwa mume mmoja asiyejua mikono yake aiweke wapi.

Nina ujauzito wa wiki 9 na sijawahi kufanya yoga. Naogopa nikianza sasa mimba itatoka. Nisubiri?

Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutoka kwa sababu kromosomu za kijusi hazikukaa sawa tangu mwanzo, si kwa sababu mama aliinama au alinyoosha mguu. Kama mkunga au daktari wako hajakukataza mazoezi, unaweza kuanza hata leo. Wengi huanza kati ya wiki ya 12 na ya 14, lakini sababu ni kwamba kichefuchefu kimepungua na nguvu zimerudi. Ikiwa kwa sasa asubuhi yako yote inaishia kwenye ndoo, lala zako, mkeka hautakimbia.

Anza na dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa wiki. Nguvu unayotumia ikuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asiye na tatizo la kiafya afikishe dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Yoga ya polepole peke yake haitoshi kukufikisha hapo, kwa hiyo ongeza kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo.

Yoga ya chumba chenye joto kali iache kabisa. Katika wiki za mwanzo, joto la mwili linalopita nyuzi 39 linahusishwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, na baadaye litakukausha maji na kukuletea kizunguzungu.

Mwalimu ananikataza kulala chali mwishoni mwa zoezi. Nina wiki 22. Ana sababu?

Anayo. Kuanzia karibu wiki ya 20, mji wa mimba una uzito wa kutosha kuubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ambao umepita mbele ya uti wa mgongo, upande wa kulia kidogo. Damu inayorudi ikipungua, presha hushuka: unaona kizunguzungu, unatoka jasho jembamba, moyo unakwenda mbio, na mtoto naye anapata damu kidogo.

Lala ubavu, hasa wa kushoto. Mto mmoja kichwani, na mwingine katikati ya miguu kuanzia magotini hadi kwenye vifundo. Wengi huuweka magotini tu, kisha mguu wa juu unaning'inia na kuvuta nyonga. Kama tumbo limeshakuwa zito, lisogezee taulo lililokunjwa kwa chini. Ukitaka kuinuka, usijivute kwa misuli ya tumbo. Kunja magoti, sukuma sakafu kwa mkono wa juu, kichwa kiwe cha mwisho kuinuka. Na ukishtuka usiku ukajikuta umelala chali, geuka tu uendelee na usingizi.

Nimeambiwa nikifanya yoga sitafanyiwa upasuaji. Ni kweli?

Hapana, na anayekuahidi hivyo mtilie shaka. Upasuaji unaweza kusababishwa na jinsi mtoto alivyokaa, kondo la nyuma, mapigo ya moyo wa mtoto au presha ya mama. Hakuna mkao wa yoga unaohamisha kondo la nyuma.

Tafiti zilizopo nyingi zimehusisha wanawake wachache, ila zinaelekea upande mmoja: wasiwasi na huzuni hupungua, maumivu ya uchungu huonekana kuvumilika zaidi, na baadhi zimeona hatua ya kwanza ya uchungu, ile ya mlango wa kizazi kufunguka, ikifupika. Lenye ushahidi imara zaidi ni kukaa wima na kutembea badala ya kulala kitandani: kwa wasiochomwa ganzi ya mgongoni, kunafupisha hatua hiyo kwa zaidi ya saa moja kwa wastani. Yoga inakuandalia miguu na mgongo wa kulimudu hilo. Mtu ambaye hajawahi kupiga magoti dakika kumi mfululizo hataanza siku hiyo.

Tunafundishwa pumzi za kila aina mpaka nimechanganyikiwa. Ipi nitaitumia kweli leba?

Moja tu: ile ambayo kutoa ni kurefu kuliko kuvuta. Kwa maoni yetu, kama una muda wa kujifunza kitu kimoja tu katika miezi yote tisa, jifunze hiki na mikao iache.

Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, kiganja kimoja ubavuni, chini ya titi. Vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi 4. Mbavu zifunguke kwa pembeni na kiganja kisukumwe nje. Toa kwa mdomo huku ukihesabu hadi 6, midomo ikiwa imelegea kama mtu anayepuliza chai ya moto bila haraka. Taya lisikaze. Sauti ya chini ikitoka, "aaa" au "ooo", iache itoke. Ya juu na nyembamba huenda na koo lililobanwa na mabega yaliyopanda.

Sasa piga hesabu. Pumzi moja ya namna hiyo inachukua kama sekunde 10. Uchungu uliokolea hudumu karibu dakika moja. Kwa hiyo kila uchungu ni pumzi sita, na ya tatu au ya nne ndiyo iko kileleni. Mtu anayejua kwamba zimebaki mbili hushika mambo tofauti na yule anayeona maumivu hayana mwisho.

Jaribu na barafu. Shika kipande cha barafu kwenye kiganja kwa dakika moja ukivuta pumzi hizo sita, pumzika dakika mbili, badilisha mkono. Utajiona mwenyewe: pumzi ya pili mabega yanapanda, ya tatu unataka kuizuia. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Rudia siku tatu au nne kwa wiki kuanzia wiki ya 30 hivi.

Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi mno, haraka mno. Midomo inawasha, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kwa sababu umetoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa. Dawa yake si kuvuta zaidi. Refusha kutoa, kisha subiri pumzi ije yenyewe. Pumzi za kuzuia kwa muda mrefu, na zile za kupiga tumbo kwa kasi kama mivukuto, ziache hadi utakapokuwa umejifungua.

Wiki ya 27. Nikisimama kwa mguu mmoja au nikitanua miguu, mfupa wa kinena unauma kama unapasuka.

Hayo ni maumivu ya maungio ya nyonga. Homoni, ikiwemo relaksini, hulegeza kano, na uzito wa mimba unaongezeka juu ya kiungo cha mbele kisichotulia. Hili ndilo jambo linalowaponza wengi: mwili unanyumbuka kuliko zamani, mtu anafurahi, anazidi kutanuka. Ile nafasi ya ziada haikutoka kwenye misuli. Imetoka kwenye kano, na kano likivutwa kupita kiasi halirudi upesi. Kanuni tunayoifuata ni kuishia kwenye asilimia 70 hivi ya pale unapoweza kufika.

Kwa sasa acha mikao yote ya mguu mmoja, ya shujaa kwa hatua ndefu, na ya kipepeo (kukaa nyayo zikigusana) kwa magoti yaliyosukumwa chini. Baki na kupiga magoti na viganja chini: viganja chini ya mabega, magoti upana wa nyonga. Ukitoa pumzi, pinda mgongo juu kama paka aliyeudhika. Ukivuta, rudi kwenye mgongo ulionyooka na uishie hapo. Usiuache ubonyee chini, maana tumbo tayari linauvuta. Mara 8 hadi 10. Nyumbani vaa suruali ukiwa umekaa, panda ngazi moja moja, miguu yote miwili ikutane kwenye kila ngazi kabla ya kwenda inayofuata, na ukigeuka kitandani bana magoti yako pamoja. Maumivu yasipopungua ndani ya wiki mbili, onana na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuchuchumaa kunafungua njia kweli? Nami siwezi, visigino vinanyanyuka.

Kunaongeza nafasi kidogo sehemu ya chini ya nyonga, na ni mkao mzuri wa kuzoea. Visigino vikinyanyuka, viwekee blanketi lililokunjwa. Simama ukitazama kiti kizito au meza, miguu ipite upana wa nyonga kidogo, vidole vielekee nje kiasi. Shika kiti, toa pumzi, shuka. Chini ya makalio weka kigoda kifupi au mito miwili mitatu, ukae kabisa, usining'inie. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, yasiporomoke kuelekea ndani. Kaa pumzi tano, kisha inuka kwa kusukuma kiti. Usidunde ukiwa chini, na usikae mpaka miguu ife ganzi.

Kuna wasiopaswa kuchuchumaa hivi: mwenye bawasiri au mishipa iliyovimba sehemu za siri, mwenye maumivu ya nyonga tuliyoyataja, aliyeshonwa mlango wa kizazi, na mwenye dalili za kujifungua kabla ya wakati.

Mtoto ametanguliza makalio, nina wiki 33. Kuna mkao wa kumgeuza?

Watu hupiga magoti na kuinua makalio juu ya kifua. Ushahidi kwamba mkao huo unageuza mtoto hautoshi. Wiki 33 bado ni mapema, na wengi hugeuka wenyewe. Akifika wiki ya 36 hajageuka, zungumza na daktari kuhusu kumgeuza kwa mikono kupitia tumbo, kazi inayofanywa hospitalini na mtu aliyeisomea.

Naambiwa nibane misuli ya chini kila siku. Je, haitakuwa migumu nikashindwa kusukuma?

Itakuwa migumu ukijifunza kubana tu. Misuli ya sakafu ya nyonga inatakiwa iweze mawili: kushika na kuachia. Bana kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, vuta kwa juu, shikilia sekunde 5, kisha achia kwa muda uleule au zaidi. Mara 10, mara tatu kwa siku, ukipanda polepole hadi sekunde 10. Makalio yakikaza au pumzi ikisimama, umebana visivyohusika. Usifanyie zoezi hili chooni mkojo ukiwa unatoka. Unachelewesha kibofu kumaliza kazi yake.

Kuanzia wiki ya 34 tia mkazo kwenye kuachia: lala ubavu, vuta pumzi, sikia sehemu ya chini ikishuka na kufunguka, kama pale mkojo unapoanza kutoka baada ya kubanwa safari nzima. Wengi hawajui kwamba wamebana siku nzima mpaka wajaribu hili.

Viganja vinakufa ganzi nikiwa nimepiga magoti.

Uvimbe wa ujauzito unabana neva inayopita kwenye kifundo cha mkono. Tumia ngumi badala ya viganja, au laza mikono kuanzia kiwiko juu ya kiti. Ganzi ikikuamsha usiku, mwambie mkunga wako.

Nani asifanye kabisa, na dalili gani ziniambie niache?

Asifanye mpaka daktari aseme: aliyevunja chupa, mwenye presha ya juu inayoelekea kifafa cha mimba, mwenye mlango wa kizazi dhaifu, ambaye kondo la nyuma limeziba njia baada ya wiki ya 26, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu unaomzuia kujibidisha.

Katikati ya zoezi acha mara moja na utafute huduma ukiona damu au maji yanatoka ukeni, maumivu ya kifua, kukosa pumzi kabla hujaanza kujibidisha, kichwa kuuma sana au macho kuona maluweluwe, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio. Mtoto akicheza kidogo kuliko kawaida yake, hilo nalo ni la kwenda siku hiyohiyo.

Mke wangu anahudhuria darasa, nami nitakuwa naye leba. Nifanye nini cha maana?

Jifunze mawili, na mfanye mazoezi kuanzia wiki ya 34. La kwanza, akiwa ameegemea meza, weka kitako cha kiganja chako kwenye mfupa bapa ulio juu ya mgawanyiko wa makalio, ukandamize kwa uzito wa mwili wako, si kwa nguvu za mkono. Anza uchungu unapoanza, achia unapokwisha. La pili, weka viganja pembeni mwa makalio yake, pande zote mbili, usukume kuelekea katikati na juu kidogo. Yeye ndiye anayesema "juu", "chini" au "zidisha"; wanaume wengi hukandamiza kidogo mno na juu mno, kiunoni, ambako hakusaidii.

Pumua naye kwa sauti, hizo pumzi sita, badala ya kumwambia "pumua". Na akisema usimguse, ondoa mikono, usinune. Dakika kumi baadaye anaweza kukuita tena.